Mwaka Mianzi Ilipotoa Maua

Salum tulimzika Jumatano iliyopita, na mimi mtani wake nikashindwa kumtania. Mtani hatakiwi kulia msibani. Kazi yake ni kuwachekesha waliofiwa, kulizuia jeneza mlangoni mpaka apewe kuku, kumsema marehemu kwa ubahili wake na kukoroma kwake, ili wenye uchungu wapumue kidogo. Mimi ni Mnyamwezi. Salum alikuwa Mzaramo, mpishi aliyeletwa Tabora na kazi akaishia huku, na tangu ujana wetu ilikuwa nadra kukutana bila kutupiana maneno. Basi nilikwenda nyumbani kwake mtaa wa Ng'ambo nikalaza fimbo yangu kizingitini. Wajukuu zake wakasimama na jeneza mabegani, wanatabasamu, wanasubiri bibi aseme. Nikaiokota fimbo, wakapita.

Baadaye, nimekaa mkekani na wanawake wenzangu mbele ya sinia la pilau, nilitambua kwa nini ulimi ulikuwa mzito. Tuliwahi kuishi watu wanne katika ua mmoja, mwaka mmoja, miaka michache kabla ya Uhuru. Watatu sasa wako chini ya udongo, na lile tulilolipitia limebaki kwangu peke yangu. Nimefundisha watoto wa watu karibu maisha yangu yote, nimezoea kueleza jambo taratibu mpaka yule wa mwisho darasani aelewe. Hili sijawahi kumweleza mtu. Nitajaribu sasa, na wewe unayesoma usiwe na haraka, kwa kuwa ni habari ya mimea, na mimea haikimbizwi.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, yaya katika nyumba ya Mzungu mmoja mkubwa wa serikali. Nyumba ilikuwa kwenye mwinuko nje kidogo ya mji, na baraza pana limeizunguka pande tatu, sakafu nyekundu imesuguliwa nta mpaka ukiinama unaona meno yako. Nyuma yake, hatua kama sitini hivi, kulikuwa na vyumba vitatu vya watumishi vilivyoshikana: kimoja cha Salum, kimoja changu, na cha mwisho cha Mzee Feruzi, mtunza bustani, na mkewe Bi Mwajuma. Kati ya baraza na vyumba vyetu ilisimama mianzi. Si ile myembamba ya porini. Hii ni mianzi ya manjano, ile ya mapambo, rangi ya limau lililoiva, yenye mistari ya kijani iliyoshuka kila pingili kana kwamba mtu amekaa na brashi akaichora. Huota kwa vichaka. Mashina yake husongamana mahali pamoja kama watu wanaoota moto, wala hayatambai chini ya ardhi kuvamia shamba la jirani. Mzee Feruzi alikuwa amepanda vichaka saba kwa mstari, na kwa miaka vilikuwa vimegusana mabega. Ukikaa barazani uliona ukuta wa dhahabu na majani yanayotikisika, na nyuma ya ukuta huo hukuona kitu.

Kutokuona huko ndiko kulikomweka Bi Mwajuma pale. Sheria ya nyumba ilikuwa kwamba mtumishi haishi na mke uani. Bi Mwajuma alikuwa amepooza miguu yote miwili kabla mimi sijafika, na Bwana aliyekuwapo wakati huo alimwambia Mzee Feruzi kwamba yeye hana haja ya kujua kilichoko nyuma ya mianzi maadamu hakioni. Bwana huyo akahamishwa, akaja mwingine, naye akaondoka, na neno lile likarithiwa na nyumba pamoja na viti na mapazia. Memsabu wetu alijua kuna mtu. Mara nyingine alimpa Salum kipande cha sabuni na kusema ni "cha kule". Lakini hakuwahi kupita upande wa pili, na asiyemwona hakuwa na sababu ya kumfukuza. Mianzi ndiyo iliyokuwa ruhusa ya Bi Mwajuma.

Kwa hiyo Mzee Feruzi aliitunza jinsi mtu anavyotunza paa la nyumba yake. Nilijifunza kwa kumtazama, mtoto wa Memsabu akiwa mgongoni kwangu. Kila kiangazi aliingia katikati ya kichaka kwa panga fupi na kukata mashina ya zamani, yale yaliyofifia rangi na kuota ukungu, akiyaacha machanga ya pembezoni. Alikata juu kidogo tu ya fundo la kwanza, ili maji ya mvua yasituame ndani ya kisiki na kukiozesha. Kisha alimwaga samadi ya ng'ombe iliyokaa mwaka mzima, akaifukia kwa majani ya mianzi yenyewe, na kuzungushia majivu kwa ajili ya mchwa. Mvua za kwanza zikishanyesha aliweka kamba kuzunguka kila kichaka na kutukataza kabisa kukanyaga, kwa sababu machipukizi yanapotoka ni laini kama mkate, na ukilivunja moja umepoteza shina zima. Aliniambia jambo ambalo nimewaambia wanafunzi wangu mara nyingi bila kusema nimelitoa wapi: mwanzi haunenepi. Unene unaotoka nao ardhini ndio utakaokufa nao. Ukishatoka, kazi yake ni kwenda juu tu. Ukitaka mashina manene mwaka ujao, lilishe shina la mwaka huu.

Alipotaka kichaka kipya alichagua shina la mwaka uliopita lililo pembeni, akalichimbua pamoja na kipande cha mzizi wake mnene uliopinda kama shingo ya bata, akalipunguza urefu, akalipanda mvua zinapoanza. Vichaka vyote saba vilitoka katika kichaka kimoja cha Kwihara, kando ya njia ya zamani ya misafara. Mzee Feruzi alisimulia kwamba mpagazi mmoja alikata mwanzi mbichi wa kubebea mzigo, hakuna ajuaye wapi, na walipopiga kambi Kwihara aliuchomeka kwenye tope, akaugua, mvua zikaja, na mwanzi ukaota. Huyo mpagazi alikuwa babu yake. Salum alisema ni uongo, kwamba kila mtu wa Tabora ana babu mpagazi na kila babu aliota kitu. Lakini ilikuwa kweli kwamba mianzi ya manjano yote niliyoijua, ya misheni, ya maduka ya Wahindi, ya nyumba kubwa njia ya Ujiji, ilikuwa imepandwa na Mzee Feruzi au na mtu aliyepewa mche naye. Hakumnyima mtu.

Chumba chao nakikumbuka kuliko changu. Kitanda cha kamba kilikuwa karibu na mlango ili Bi Mwajuma aone nje, na ukutani zilitundikwa nyungo zake tatu za ukubwa tofauti. Asubuhi Mzee Feruzi alimbeba hadi kwenye mkeka, kwenye kivuli cha mianzi, na hapo ndipo lilipokuwa jiko letu sote. Yeye aliongoza, sisi tulipika. Alijua kwa kusikiliza kama maji ya ugali yamechemka sawasawa. Mara nyingi ulikuwa ugali wa mtama na mlenda, au kisamvu kwa karanga, na Salum, akitoka kupika nyama ya Wazungu, alikuja kula nasi huku akilalamika. "Kisamvu bila nazi," alisema siku moja akinitazama. "Nyinyi Wanyamwezi mnakula majani kama mbuzi."

"Na mbuzi mwenyewe unamla kila Idi, mtani," nilimjibu. "Hujawahi kulalamika."

"Mwache, mwanangu," alisema Bi Mwajuma. "Nazi yake imo kichwani, inamtosha."

Mzee Feruzi hakucheka kwa sauti. Alitikisa mabega tu na kumsogezea mkewe tonge.

Maua yalikuja mwezi wa tisa, katika ule upepo mkavu unaoleta vumbi la njia kuu mpaka ndani ya sukari. Niliyaona mimi kwanza, kwa sababu mtoto aliyanyoshea mkono: mashuke membamba kama ya mpunga, rangi ya nyasi kavu, yananing'inia katika kila fundo. Ndani ya wiki mbili vichaka vyote saba vilikuwa vimevaa mashuke hayo. Memsabu alifurahi sana. Aliagiza yakatwe yawekwe kwenye vyombo vya shaba sebuleni, akawaonyesha wageni wake, na Salum akatuambia kwamba Mzungu akiona ua hata juu ya kaburi atalitia chupani. Mzee Feruzi peke yake hakufurahi. Alikuwa akishika shuke, analisugua kwa vidole, anatazama juu. Alikuwa ametunza mianzi tangu ujana na hakuwahi kuiona ikitoa ua. Aliwauliza wazee wa Ng'ambo baada ya sala ya Ijumaa. Hakuna aliyewahi kuona. Jumapili moja alikwenda Kwihara kwa miguu, akarudi jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi. Bi Mwajuma alimuuliza vipi. Akasema na kile cha Kwihara kimechanua. Kisha akaketi akavua viatu, na nikaona kwamba anaogopa.

Ni siku chache baada ya hapo nilipoyasikia maneno. Alikuja mgeni kunywa chai, Mzungu mzee mwenye kofia iliyochakaa, aliyefanya kazi ya misitu katika nchi nyingine za mbali. Mimi nilikuwa barazani, chini, nikimpangia mtoto vipande vya mbao. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni mpaka darasa la nane na Kiingereza nilikielewa vizuri, lakini nyumba ile haikuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kusema. Mgeni aliitazama mianzi akatikisa kichwa. Alisema mianzi ya aina ile huishi maisha ya mtu mzima, pengine zaidi, bila kuchanua, na ikichanua imekwisha. Alisema, na hili nililisikia kama vile ameniinamia sikioni, kwamba mche uliokatwa pembeni mwa kichaka si mtoto wa kichaka. Ni mwili ule ule wenye umri ule ule, umehamishiwa shimo jingine. Ndiyo maana itakufa yote pamoja, hapa na popote ilipopandwa. Memsabu akauliza kuhusu mbegu. Mgeni akasema zipo aina zinazozaa mbegu nyingi kama mpunga, lakini hii, kwa anavyojua yeye, haizai kitu. Bwana akanywa chai yake. Akasema basi itabidi kung'oa yote na kusafisha kule nyuma, maana hawezi kukaa akitazama vibanda. Vile vyumba vibomolewe na watumishi walale mjini. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepanga kuhamisha kabati.

Jioni ile Bi Mwajuma aliniuliza. Alikuwa akichambua mchicha mapajani, Mzee Feruzi amekaa mlangoni na bakuli la uji. "Kabula, nimesikia kuna mgeni mzee leo, na ameizungumzia mianzi. Amesema nini?"

Mimi ni mtu wa kutia moyo. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiniandika wakaguzi wa shule baadaye, na wazazi wamekuja kunishukuru kwa hilo, na sikatai kwamba ni zawadi. Lakini nataka uelewe inavyofanya kazi. Mtu wa kutia moyo anapotazama uso wa mtu aliyeogopa, haoni jambo lenyewe tena; anauona uso tu, na anataka uso ule ulegee. Niliutazama uso wa Mzee Feruzi juu ya bakuli la uji. Nikasema mgeni amesema mianzi ikichanua inazeeka kidogo, lakini inazaa mbegu kama mpunga, na mbegu zikipandwa zinaota upya. Nusu ya maneno hayo aliyasema kweli, ila hakuyasema juu ya mianzi ile. Uso ukalegea. Bi Mwajuma akasema alhamdulillahi, akaendelea na mchicha.

Ungekuwa uongo mdogo kama isingekuwa habari ya chumba. Fundi viatu mmoja wa Ng'ambo, rafiki wa Mzee Feruzi tangu utotoni, alikuwa na chumba kilichobaki kitupu baada ya mwanawe kwenda Mwanza. Kilikuwa na ua wenye kivuli, na kisima hatua chache kutoka mlangoni. Alitaka watu wa kuaminika wakae humo bure, wamwangalizie nyumba wakati yeye akizunguka na kazi zake vijijini. Aliwaambia waamue kabla ya mvua. Mzee Feruzi alikuwa karibu kukubali. Siku ile aliporudi kutoka Kwihara alishaanza kuzungumza jinsi ya kupitisha kitanda kwenye mlango mwembamba. Baada ya maneno yangu aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilirudia, kwa kuwa uongo ukishausema mara moja mara ya pili hauna uzito. Akampelekea fundi jibu kwamba anashukuru, lakini mianzi inataka kupandwa upya na bila yeye nani ataipanda. Wiki iliyofuata chumba kikapata mtu mwingine. Salum ndiye aliyeniletea habari hiyo, jikoni, akikwaruza sufuria. Kwa mara ya kwanza hakunitania.

Tukakusanya mbegu. Mzee Feruzi alitandaza mikeka na magunia chini ya vichaka, akatikisa mashina, na mashuke yakamwagika kama mvua kavu. Bi Mwajuma aliagiza nyungo zake zote tatu zishushwe. Alikuwa bingwa wa kupepeta; mikono yake haikujua kwamba miguu imekufa. Nilikaa mkabala naye asubuhi nzima, mtoto amelala ubavuni, tukapepeta. Unajua jinsi mpunga unavyopepetwa: makapi yanaruka na upepo, punje nzito zinarudi chini zikilia kwenye ungo. Sisi tulirusha na hakuna kilicholia. Kila tulichorusha kiliruka. Alijaribu ungo mdogo, kisha mkubwa, kisha akamega shuke kwa kucha, moja moja, akatazama ndani. Mwisho akakusanya vitu vidogo kama viroboto, haba mno, akavifunga kwenye pindo la kanga na kusema hivi vitakuwa vizito vikipata udongo. Mzee Feruzi alivipanda kwenye madebe yaliyotobolewa, akavimwagilia asubuhi na jioni kwa kikombe. Mpaka mvua zinaingia, yaliyoota madebeni yalikuwa magugu.

Alikuwa bado na njia nyingine, ile aliyoijua maisha yake yote. Alichimbua miche ya pembezoni, mizuri kuliko yote, ile iliyokuwa bado na majani machache. Nilimwona akiifanyia kila kitu kilicho sahihi. Mashimo mapana, samadi laini, majivu, kivuli cha nyasi, maji ya debe kutoka kisimani, mabega yake yanatetemeka chini ya mzega, ule mti wa kubebea madebe. Mimi nilisimama nikijua kwamba anahamisha kifo kutoka shimo moja hadi jingine, na nikasema, "Safari hii itashika, Mzee." Nilisema hivyo. Mwezi wa kumi na mbili, siku moja baada ya mvua nzuri ya usiku kucha, aliniita kwa furaha nije nitazame. Kwenye fundo la mche mmoja kilikuwa kimetoka kichipukizi, urefu wa kidole cha mwisho, kijani kibichi. Tuliinama wote wawili. Hakikuwa na jani. Kilikuwa kimebeba shuke la maua. Kidogo vile, hakijaishi hata wiki, nacho kilikuwa kimezeeka sawa na kichaka cha Kwihara. Mzee Feruzi alikitazama mpaka nikadhani hatanyanyuka. Akasema taratibu, "Kumbe umri umo ndani." Hakupanda tena.

Majani yalikwisha mwezi wa kwanza. Ile dhahabu ikawa rangi ya mfupa, na upepo ukipita haukuimba tena, uligonga tu. Kila siku ukuta ulizidi kutoboka. Mzee Feruzi alifunga magunia kati ya mashina, Bwana akaamuru yaondolewe kwa kuwa yanachukiza. Tukaanza kupikia upande wa nyuma, kwenye jua, Bi Mwajuma amejifunika kanga kichwani, jasho linamtiririka. Na asubuhi moja alipokuwa akibebwa kurudi chumbani, Memsabu alikuwa amesimama barazani na kikombe chake. Nilikuwa karibu yake. Hapakuwa na kitu katikati isipokuwa miti mikavu. Mume na mke wakasimama, yeye mikononi mwa mumewe kama mtoto, na Bi Mwajuma, aliyeishi pale miaka yote bila kuonekana, akainua mkono akamwamkia Memsabu. Memsabu akainua wake. Alikuwa na machozi, hilo nalisema kwa haki. Mchana alipeleka supu ya kuku kwa mkono wake mwenyewe, na blanketi, akakaa kitako kwenye mkeka akauliza maumivu yalipo. Salum alisema huenda mambo yakageuka. Nami nikasema yatageuka, bila shaka. Siku nane baadaye Bwana alimwita Mzee Feruzi barazani akamweleza kwamba sheria ni sheria, na kwamba mwisho wa mwezi vyumba vinavunjwa.

Ng'ambo hapakuwa na chumba tena. Msimu wa mvua hakuna anayehama. Alibaki mpwa mmoja Ziba, mfugaji, mtu waliyemwona mara mbili tu maishani. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara ya Nzega, na lori lililokubali kubeba kitanda lilikuwa na shehena ya chumvi. Nitakuambia sasa yaliyofuata, nisikuache ukisubiri: lilikwama matopeni siku tatu, Bi Mwajuma akapata homa ya mapafu chini ya turubai, na alizikwa Ziba kabla ya mwezi kuandama. Habari tuliletewa na utingo wa lori. Mzee Feruzi hakurudi Tabora. Sikujua alikufa lini. Niliambiwa tu, nikiwa tayari mwalimu, kwamba hayupo, na kwamba huko Ziba hakuwahi kupanda kitu. Watu wema wamewahi kuniambia, nilipowagusia nusu ya habari hii, kwamba hata wangekuwa Ng'ambo mgonjwa yule angekufa. Labda. Nimewapa wanafunzi wangu majibu ya namna hiyo mara nyingi, kwa hiyo nayajua yalivyotengenezwa.

Siku ya kuondoka tulimbeba na kitanda chake: Salum na dobi wa mjini aliyefulia nyumba ile mbele, Mzee Feruzi na mimi nyuma. Mtoto nilikuwa nimemwacha na mama yake. Tulipita katikati ya vichaka vyenyewe, maana hapakuwa tena na haja ya kuzunguka, na mashina makavu yalivunjika yakitugusa. Njia nzima Bi Mwajuma aliuliza kuhusu Ziba, kama kuna maji, kama kuna msikiti, kama ni mbali. Salum alimwambia huko kuna ng'ombe wengi mpaka mvua ni ya maziwa. Alicheka. Tukampandisha juu ya magunia ya chumvi, tukamlaza, tukamfungia turubai pembe tatu, na Salum na dobi wakarudi kuchukua nyungo na masufuria.

Nilibaki na Mzee Feruzi nyuma ya lori. Alikuwa akikaza kamba. Bila kunitazama alisema, "Kabula, yule mgeni. Alisema nini hasa?"

Ningeweza kumpa uongo mwingine. Nilikuwa nao tayari. Nikasema, "Alisema itakufa yote, Mzee. Alisema mbegu hazina kitu. Na Bwana akasema vyumba vitavunjwa. Ilikuwa mwezi wa tisa."

Mikono yake ilisimama juu ya fundo la kamba. Nilisubiri anipige, au anilaani, na hata leo naona ningelala vizuri zaidi miaka hii yote kama angefanya moja kati ya hayo. Aliniuliza tu, kama mtu anayeomba kueleweshwa somo, "Chumba cha fundi kilikuwa bado kipo?"

"Kilikuwapo."

Akaitikia kwa kichwa. Akamaliza kukaza fundo, akalijaribu kwa kulivuta mara mbili. Kutoka chini ya turubai Bi Mwajuma aliita, sauti yake nyembamba juu ya mngurumo wa injini, "Mzee, Kabula anasema nini?"

Alikanyaga gurudumu akapanda, akaketi karibu na kichwa chake, akamfunika uso kwa pindo la kanga ili tope la njiani lisimrukie.

"Anasema si mbali," alimjibu.